Eli wa Ndani na Eli wa Uani

Jumamosi asubuhi Evodia alitandika magazeti ya zamani juu ya meza ya chakula, akamimina unga wa ngano na chumvi kwenye beseni la bluu, kisha akamwita Raheli aje akande. Yeye mwenyewe hakutaka kuharibu kucha. Simu yake aliiegemeza kwenye chupa ya chai, na ndani ya simu mwanamke mwenye sauti ya usingizi alikuwa akionyesha namna ya kukanda, kusukuma, na kubonyeza kiganja cha mtoto ili nyumba ibaki na kumbukumbu. Unga ule ungetosha chapati za siku mbili. Raheli aliukanda kwa ngumi, na haikuwa siri kwamba akilini mwake hakuwa anapiga unga.

"Taratibu, wewe. Utauua."

"Unga hauuawi, Mama Eli."

"Na usinijibu."

Hivyo ndivyo walivyozungumza katika nyumba ile ya Makole, Dodoma, na hapo ilikuwa siku nzuri.

Msimu huo kila mwanamke wa ofisini kwa Evodia alikuwa akitengeneza kumbukumbu za mtoto. Bupe, aliyekaa naye meza moja, alishona mto kwa vinguo vya mwanawe vya utotoni. Mwingine alibandika nywele za kwanza ndani ya kioo, mwingine kofia aliyovalishwa mtoto alipotoka wodini. Wote walikuwa na kitu cha siku ile ya kuzaa. Evodia hakuwa nacho, kwa sababu siku ile alikuwa nyumbani, amejifunga mto tumboni kwa ajili ya majirani, akingoja kupigiwa simu.

Aliyezaa ni Raheli. Anthony, mume wa Evodia, alikuwa na tabia ya kuingia chumba cha uani bila kubisha hodi, na Raheli, mwanamke mzima aliyetoka Kibaigwa kuja kufanya kazi za ndani, hakuulizwa kama anataka. Tumbo lilipojitokeza, mume na mke walikaa sebuleni wakalizungumza kama watu wanaopanga kubadilisha mapazia. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Raheli akapelekwa kujifungua kwa kadi ya kliniki yenye jina la Evodia, na cheti kikatoka na jina hilo hilo. Meshack, kaka yake Raheli, akapatiwa kazi ya ulinzi kwa rafiki yake Anthony. Mama yao, Paulina, alipoulizwa, alisema kazi ni kazi. Raheli akarudishwa chumba cha uani, akamnyonyesha Eli humo mpaka alipoacha ziwa, na mtoto alipoanza kusema alifundishwa kumwita dada.

Raheli alivumilia kwa sababu alikuwa na jambo moja analolingojea. Eli angekua. Angefika umri wa kuelewa, na siku hiyo Raheli angemkalisha chini amwambie kwa mdomo wake mwenyewe nani alimzaa. Baada ya hapo wangemfukuza, wangemfunga, wangefanya watakavyo, shauri yao.

Basi kiganja kilibonyezwa, na Raheli akamvua Eli fulana ili amfute unga. Hapo Evodia akauona uzi wa shanga kiunoni mwa mtoto. Alikuwa ameuona siku nyingi, ila leo aliuangalia kwa jicho la mtu mwenye ukuta mtupu.

"Huo ulimfunga lini?"

"Siku ile ile. Wodini."

"Kumbe! Ndicho kitu ninachokitafuta. Kata nipe."

"Haukatwi. Mtoto akikua unafungua fundo, unaongeza shanga, unafunga tena. Na anayefunga ni aliyezaa."

"Nani kasema?"

"Kwetu."

"Kwenu ni Kibaigwa. Hapa ni kwangu."

Anthony alitoka bafuni na povu la kunyolea shavuni. "Jamani, kateni hicho kiuzi yaishe," alisema. "Hata Jumamosi mtu hapumziki?" Akarudi zake bafuni.

Raheli alichukua mkasi wa jikoni, ule wa kukatia mapezi ya samaki. Alifanya kosa, na alilifanya kwa hasira. Angeweza kulifungua fundo kwa kucha, lakini hakutaka kuchelewa Evodia akamsogelea mtoto na chuma. Akakata mbele, akakata nyuma. Kipande kimoja alikitupa mezani juu ya unga. Cha pili akakifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Mbona kidogo hivi?" Evodia aliuliza.

"Na mtoto mwenyewe ni mdogo."

Evodia alikinyoosha kile kipande juu ya kitambaa cheusi cha mahameli, akakigundisha, akakitia kwenye fremu, na chini yake akabandika herufi za dhahabu alizozikata kwa mkono wake: SIKU NILIYOKUZAA. Fremu ikatundikwa juu ya televisheni. Raheli aliisoma wakati anapiga deki, akasonya, akaendelea kupiga deki.

Kesho yake, baada ya ibada, Eli alikuwa akicheza uani na mfuniko wa ndoo. Alisikia katuni zimeanza, akakimbia ndani. Alipovuka kizingiti cha mlango wa jikoni alikuwa mtoto wa miaka mitatu, kandambili amezivaa kushoto kulia. Mbele ya friji kandambili zilimvuka. Kwenye korido kaptula ilimdondoka. Alipofika kwenye zulia la sebuleni alikuwa mtoto mchanga, ngozi imejikunja, shingo haijakaza, amelala chali anarusha miguu.

Evodia aliinuka kwenye kochi.

"Kumbe alikuwa mdogo hivi," alisema. Akainama akamwokota, mkono mmoja chini ya kisogo, kama alivyowaona wenzake wakifanya.

Anthony alipunguza sauti ya televisheni. "Maziwa ya kopo yapo humu ndani?" aliuliza.

Hayakuwapo, akaenda kununua. Wakati huo Raheli alikuja, akampokea mtoto kwa nguvu kidogo, akatoka naye uani, na uani Eli akawa na miaka mitatu tena, anadai kaptula yake.

Haikuchukua muda kuzoea. Raheli alipigilia misumari miwili kwenye mlango wa jikoni, mmoja upande wa ndani na mmoja upande wa nje. Kwenye wa ndani zilining'inia nepi na kiblanketi, kwenye wa nje kaptula na fulana. Anayemwingiza alimvisha, anayemtoa alimvua. Jirani aliyekuja kuazima ungo aliona Eli akivuka mlango, akasema upepo wa Dodoma ni mkavu mno, watu wote wanasinyaa. Alipewa ungo.

Kwa Evodia ilikuwa neema. Miezi ile ya kwanza hakuwahi kumshika mtoto zaidi ya kupiga naye picha, kwa sababu Eli alikuwa uani kwa mwenye maziwa. Sasa aliipata yote. Alibonyeza nyayo zake upya, ndogo kama vijiko vya chai. Alimfuma soksi, alimshonea kofia, alimpiga picha ya kuogeshwa mara ya kwanza, akazitia kwenye fremu. Kila Jumamosi meza ilitandikwa magazeti, na ukuta wa sebule ukaendelea kujaa mambo ambayo hayakuwahi kutokea. Wakati mwingine aliimba. Raheli akiwa jikoni alikuwa akisikia, na roho ilimuuma mpaka anasahau chumvi kwenye mboga.

Shida ilikuwa kunyonya. Eli wa ndani aliyakataa maziwa ya kopo, akayatapika juu ya zulia. Raheli alikuwa uani anafua shuka alipoona blauzi yake imelowa, na si kwa maji ya kufulia. Evodia alichungulia dirishani.

"Wewe! Yametoka?"

"Yametoka."

"Njoo basi, unangoja nini? Mtoto analia."

Alimnyonyesha jikoni, juu ya stuli, maana Evodia hakutaka jambo lile sebuleni kwake. Akimaliza, alinyang'anywa.

Lakini uani Eli alikuwa wake. Walikaa kwenye mkeka mbele ya chumba chake, wakala ugali wa uwele na mlenda kwa mikono, na Eli, mdomo unavutika nyuzi za mlenda, alimuuliza maswali yasiyo na mwisho. Kuku wanakojoa wapi? Kwa nini upepo hauna miguu? Kwa nini yeye akiingia ndani hawezi kusema?

"Kwani ukiwa ndani unajua kila kitu?" Raheli alimuuliza.

"Najua. Ila mdomo unagoma."

Raheli alimfuta mdomo kwa khanga, akaangalia pembeni.

Aliyeleta balaa ni Paulina. Alifika siku moja mchana kutoka Kibaigwa, kashushwa barabarani na lori la mahindi, nywele zimejaa pumba, mkononi kashika mfuko wa mlenda mkavu. Hakusalimiana vizuri na mtu. Alikaa mkekani, akamwangalia Eli akiingia na kutoka mara mbili tatu, akatafuna midomo.

"Umeukata uzi," alimwambia Raheli.

"Nimekata."

"Mpumbavu wewe."

"Ndiyo, mama."

"Akiwa huku anakua, akiwa kule hakui. Viunganishe vipande vyote viwili, umfunge wewe, na baba yake awe amesimama hapo aseme mtoto huyu kazaliwa na nani. Aseme kwa sauti. Hapo ataacha kuwa wawili." Paulina alinyoosha miguu. "Lakini usithubutu. Meshack ana kazi."

Raheli alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye. "Umenipa dawa ili nisiitumie?"

"Nimekupa ujue ulichoharibu. Lete maji ya kunawa."

Alinawa, akala, akasema mboga haina chumvi, akaondoka kabla jua halijapoa. Raheli hakumsindikiza.

Alifikiria kumbeba Eli mgongoni waondoke. Lakini karatasi zote zilisema ni mtoto wa Evodia, na mwanamke anayetoroka na mtoto wa bosi wake husakwa kila stendi. Basi alimngoja Anthony. Alimpata uani akiosha gari, Eli pembeni yake kashika sponji kubwa kuliko kichwa chake, anasugua tairi.

"Baba Eli, naomba useme neno moja," Raheli alisema. "Hapa hapa. Hakuna mtu anayesikia."

Akamweleza. Anthony aliendelea kumwaga maji kwenye kioo cha mbele.

"Nikisema hapa, kesho utataka nikaseme kanisani."

"Sitataka. Mtoto hakui."

"Hakui vipi? Si huyu hapa, anamaliza sabuni yangu?"

"Ndani hakui."

"Ndani ana mama yake." Alizungusha kitambaa, akakikamua. "Sikia, Raheli. Mambo yameshatulia. Kaka yako anakula, wewe unakula, mimi nina amani. Unataka kunivunjia nyumba kwa ajili ya kiuzi?"

Eli aliacha kusugua, akawatazama mmoja mmoja. Raheli alimchukia mtu yule kwa chuki iliyotulia, isiyo na haraka, akapokea ndoo tupu aliyonyooshewa akaenda kuijaza.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Evodia alikuwa amesimama pale na kikombe mkononi, na hakuna neno lililompita. Hakufoka. Alitoka uani akamshika Eli mkono, akavuka naye kizingiti, akafunga geti la chuma la mlango wa jikoni, akachomoa ufunguo.

"Kuanzia leo hatoki," alisema kupitia vyuma, mtoto mchanga begani. "Mtoto wa umri huu hatolewi nje kwenye vumbi. Wewe utapita mlango wa mbele, ukiitwa."

Kaptula na fulana zilibaki kwenye msumari wa nje. Upepo ulizipiga siku mbili tatu, kisha Raheli akaziondoa, akazikunja, akaziweka chini ya mto wake.

Alimnyonyesha alipoitwa, akafua, akapika, akahesabu moyoni miezi ambayo Eli angekuwa ameongezeka kimo, angekuwa amejifunza kuruka kamba, angekuwa anamkasirisha kwa maswali. Uani kulikuwa kimya. Watoto wa jirani waliokuwa wakicheza naye walianza kuvaa sare za chekechea, wakapita getini na mabegi yao, wakaacha kumuulizia. Raheli alikonda. Ndipo alipoamua kutoa kile alichokuwa nacho.

Alimkuta Evodia sebuleni mezani, anapaka gundi. Alifungua pindo la khanga, akaweka kipande chake cha uzi juu ya magazeti.

"Hiki ndicho cha pili," alisema. "Nilikudanganya. Chukua ukiunganishe na chako, umfunge wewe, Baba Eli aseme wewe ndiye uliyemzaa. Labda itashika. Mimi sitamwambia Eli kitu. Si leo, si akiwa mkubwa, mpaka naingia kaburini. Nitaapa mbele ya mchungaji ukitaka. Mwache akue tu."

Evodia alikitazama kile kipande. Shanga zake zilikuwa safi kuliko za kwenye fremu, maana zilifuliwa pamoja na khanga kila wiki. Alikigusa kwa ncha ya brashi ya gundi.

"Akue aende wapi?" aliuliza.

Raheli alikisogeza kipande karibu naye zaidi.

"Mtoto wa Bupe kakua," Evodia alisema. "Anafunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo. Wakikua wanauliza, wanatafuta, wanaangalia watu usoni wanalinganisha pua. Huyu haulizi. Nikimbeba ananyamaza." Alikisukuma kipande upande wa Raheli kwa ukucha mmoja. "Kaa nacho. Mimi namtaka hivi hivi."

"Mama Eli, yule mtoto anajua kila kitu. Yumo mle ndani anajua, ila hawezi kusema."

"Basi kuna shida gani?"

Damu ilimpanda Raheli machoni. Aliona mkasi uko mezani na shingo ya Evodia iko karibu, imepakwa poda, na akajiona mwenyewe akiuchukua. Kisha mtoto alilia chumbani, maziwa yakamshuka, akaenda.

Ofisini hawakuleta ugumu wowote. Evodia alimwita mkubwa wake wa kazi nyumbani akamwona mtoto, na kwa kuwa mtoto mchanga alionekana kwa macho, alipewa likizo ya uzazi. Anthony alinunua kitanda kipya chenye neti. Evodia akaingia chumbani akalala kizazi kama mwanamke aliyejifungua juzi, kitambaa kimemkaza kiuno, na kwa kuwa kwao Moshi mzazi hulishwa mtori, Raheli alimenya ndizi asubuhi na jioni, akachemsha na nyama ya mifupa, akaponda mpaka mkono ukafa ganzi. Evodia alinenepa. Mashavu yalimtoka, na wote waliomwona walisema uzazi umemkubali.

Wenzake wa ofisini walikuja siku ya mapumziko, wamebeba khanga, sabuni, na paketi za nepi. Walipita sebuleni wakasifu ukuta. Walisoma SIKU NILIYOKUZAA, mmoja wao akafuta chozi. Kisha wakajaa chumbani, wengine kitandani, wengine kwenye viti alivyoingiza Raheli, na Bupe akafunua neti.

"Si huyu huyu aliyekuwa anakimbia kimbia kanisani?" aliuliza.

"Ndiye," Evodia alisema.

"Loo. Karudi mdogo."

"Karudi."

"Bahati yako, mwenzangu. Wangu mimi kanipita urefu, hata shikamoo mpaka nimdai."

Wengine waliguna kukubali. Mmoja alisema wa dada yake kule Tukuyu alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alirudi mpaka akaisha. Mtori ukazunguka kwenye mabakuli. Katikati ya maongezi mtoto akaanza kulia, na Evodia, bila kukatisha alichokuwa akisema kuhusu bei ya mahameli, akaita, "Dada!"

Raheli aliweka sinia chini, akakaa pembeni mwa kitanda, akampokea mtoto, akafungua vifungo vya blauzi mbele ya wanawake wote. Hakuna aliyeshangaa, na hakuna aliyeangalia pembeni. Waliona maziwa yalikotoka. Waliangalia kifua cha Raheli, wakamwangalia Evodia aliyelala kizazi, wakaangalia tena, na kila mmoja akajua alichokijua. Mmoja akaomba aongezewe mtori.

Eli alinyonya macho wazi. Yalikuwa macho ya mtoto wa miaka mitatu, pengine sasa zaidi, na yalikuwa yamemkazia Raheli kwa hasira, kama ya mtu aliyeuliza kitu siku nyingi na hajajibiwa.

Bupe aliinama juu yake, akanusa nywele zake.

"Kafanana na wewe, Mama Eli," alisema. "Paji lote hilo la uso ni lako, hujaonewa." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu asiyependa kumtenga mfanyakazi wa nyumba ya watu, akamgeukia Raheli. "Au sivyo, dada?"

Wanawake wakashika vijiko hewani, wakingoja.

"Kafanana naye," Raheli alisema, akamhamishia mtoto ziwa la pili.